Bidoni imeandikwa "synthétique": mwenye gari wa Lubumbashi analipia nini?

Katika maduka ya vipuri na garaji za Lubumbashi, kutoka Kenya na Katuba hadi Kampemba, neno moja linapandisha bei ya vidanji: synthétique. Kwa mutu wa taxi, feza anayoongeza juu ya ile bidoni ni chakula cha nyumba. Na motere ikikufa, kazi nzima imekufa. Inafaa basi kujua lile neno linasema nini.

Mafuta ya motere ni mafuta ya msingi, kisha wanatia ndani dawa: za kusafisha, za kuzuia kutu, za kupunguza vyuma kusagana. Katika mafuta ya kawaida, yale wanaita minerali, msingi unatoka katika petroli iliyochimbwa, wanaitenganisha na kuisafisha. Molekuli zake haziko sawa: zingine zinaganda kama nta wakati wa baridi, zingine zinachomeka mbio. Sentetiki ya kwanza kabisa ni kintu ingine. Wanakemia wanaanza na gesi ya etileni, wanaunganisha molekuli ndogo ndogo mpaka wapate urefu ule wanataka. Wanaiita PAO. Kuko pia esta, zinazotumiwa hata katika motere za ndege.

American Petroleum Institute, yaani API, inagawanya mafuta ya msingi katika makundi 5. La 1 na la 2 ni minerali. La 4 ni PAO, la 5 ni yote yaliyobaki, pamoja na esta. Ugomvi uko katika la 3: ni petroli ya kuchimbwa, lakini wameipitisha katika hidrojeni, moto mkali na mgandamizo, mpaka molekuli zinavunjika na kujipanga upya. Inafanya kazi karibu sawa na PAO, na bei yake ni chini.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, huko Marekani, Castrol iliacha PAO katika mafuta yake ya Syntec, ikatia kundi la 3, na neno la sentetiki likabaki kwenye bidoni. Mobil ikashitaki mbele ya NAD, chombo ambacho wafanyabiashara wenyewe wameweka kwa kuchunguza matangazo, si tribinali. Mwaka 1999 NAD ikaona kwamba Castrol ina msingi wa kutosha kuitumia lile neno. Tangu pale, wengine wakafuata. Ujerumani, bidoni za kundi la 3 mara nyingi zinaandikwa HC-Synthese, ili mnunuzi atofautishe.

Kwa hiyo, bidoni inayouzwa hapa inaweza kusema "synthétique" bila kudanganya, na ndani kuko petroli iliyofanyiwa kazi. Si hasara yenyewe. Kundi la 3 likiwa zuri linalinda motere vizuri. Neno "semi-synthétique" njo dhaifu zaidi: hakuna kiasi ambacho dunia nzima imekubaliana. Matone ni matone.

Faida moja kubwa ya sentetiki ni kuteleza kwenye baridi kali. Lubumbashi, hata asubuhi za mwezi wa 6 na wa 7, hatufiki kwa baridi ya Ulaya. Faida yetu iko upande wa moto: taxi inayosimama-simama katika ambutiyaji, ao kamyo yenye mzigo njia ya Likasi na Kolwezi. Lakini vumbi inayopita katika filtre ya hewa iliyochoka inachafua mafuta yote, sentetiki ama hapana. Ahadi ya kilometa 10.000 bila vidanji haikufikiria barabara zetu.

Kabla ya kutoa feza, mutu aangalie namba. Katika 5W-30 ao 15W-40, ya kwanza inaonyesha vile mafuta yanateleza motere ikiwa baridi, ya pili ikiwa moto. Kisha alama za API: SN ao SP kwa esansi, CI-4 ao CK-4 kwa mazutu. Gari nyingi za Japani zinabeba namba yao juu ya kifuniko cha mafuta.

Na hata namba nzuri hazisaidie kama bidoni imejazwa upya na mafuta yaliyotumika. Aangalie kama kifuniko hakijafunguliwa. Kisha vidanji ikiisha, ile bidoni tupu atoboe mbele ya kuitupa.