Dawa ya Kisukari Haikufichwa

Nimelazimika kushika kalamu kwa sababu ya maneno ninayoyasikia kila penye mkusanyiko wetu, iwe arusi, iwe hitima: ya kwamba dawa ya kuponya kisukari imeshapatikana zamani, ila Wazungu wameificha ili watuuzie vidonge maisha yetu yote. Msemaji huwa si mjinga. Mara nyingi ni mtu aliyesoma, ana kazi yake na nyumba yake ya mkopo, na kwenye gari ana chupa za maji ya kijani alizoletewa kutoka nyumbani, anazoziuza kwa bei ya viatu.

Kwamba kampuni za dawa huficha mambo, hilo silibishi. Mwaka 1999 Marekani iliruhusu kidonge cha kisukari kiitwacho rosiglitazoni, kilichouzwa na GlaxoSmithKline kwa jina la Avandia. Sukari kilishusha kweli. Mwaka 2007 daktari wa moyo Steven Nissen na mwenzake wa Cleveland walikusanya matokeo ya majaribio 42, mengi yao ya kampuni yenyewe, yaliyokuwa yamewekwa hadharani kutokana na kesi iliyofunguliwa na jimbo la New York. Walipohesabu wakakuta hatari ya mshtuko wa moyo imepanda kwa asilimia 43. Mwaka 2010 Ulaya ikakisimamisha kidonge hicho na Marekani ikakibana. (Marekani ililegeza masharti mwaka 2013 baada ya data kupitiwa upya, na wataalamu wanabishana hadi leo.) Mwaka 2012 kampuni ikakubali kulipa dola bilioni 3 kumaliza kesi kadhaa, na mojawapo ya makosa iliyokiri ni kutopeleka serikalini baadhi ya taarifa za usalama wa Avandia.

Sasa tazameni kilichofichwa hapo ni nini. Ni madhara. Kampuni ina kila sababu ya kuficha aibu yake, lakini ina sababu gani ya kuficha ponya? Shirikisho la kimataifa la kisukari linakadiria kuwa mwaka 2024 watu wazima wenye ugonjwa huu walikuwa milioni 589. Muuza duka gani anaificha bidhaa inayotakiwa na mji mzima? Angeiuza kwa bei aitakayo, na washindani wake wangefunga milango. Tazameni pia aibu yenyewe ilivyofichuka: watu walikaa chini wakahesabu, mgonjwa mmoja mmoja, nani alitumia nini na nani alipatwa na nini. Silaha iliyoiumbua kampuni kubwa kama ile ndiyo hiyo hiyo ambayo wenzetu wa chupa za kijani hawataki ielekezwe kwao.

Hoja ya pili ninayoisikia ni kwamba vya kwao ni kemikali na vyetu ni miti tu. Mwenye kusema hivyo pengine anameza metifomini kila asubuhi na hajui ilikotoka. Ilitoka kwenye mti shamba! Kuna mmea wa Ulaya uitwao galega, ambao wakulima wa huko waliutumia kama dawa karne nyingi, na ambao kondoo akiula kwa wingi hufa. Wakemia walipouchambua wakakuta ndani yake vitu vya jamii ya guanidini, vyenye kushusha sukari lakini vikali mno. Metifomini yenyewe, ambayo ni ya ukoo huo, ilitengenezwa kwa mara ya kwanza Dublin mwaka 1922, ikakaa bila kushughulikiwa mpaka daktari wa Kifaransa, Jean Sterne, alipoijaribu kwa wagonjwa na kutangaza matokeo yake mwaka 1957. Ndugu zake wawili, fenifomini na bufomini, waliondolewa sokoni katika nchi nyingi miaka ya 1970 kwa sababu waliijaza damu asidi na kuua. Metifomini ikabaki, ikitazamwa kwa jicho la shaka. Marekani haikuiruhusu mpaka mwishoni mwa 1994.

Kilichoipa heshima ni uchunguzi mkubwa uliofanyika hapa Uingereza kuanzia 1977 hadi 1997, wa wagonjwa 5,102 waliokuwa wamegunduliwa karibuni. Miaka ishirini, waungwana. Katika wagonjwa wanene, wale waliopewa metifomini vifo vyao kwa jumla vilipungua kwa asilimia 36 kuliko wale waliopewa ushauri wa chakula peke yake. Leo metifomini haina mwenyewe, kila kiwanda kinaitengeneza, na ni miongoni mwa vidonge rahisi kabisa duniani. Ikiwa kuna njama ya kutukamua, basi wenye njama wamezembea sana hapo.

Linganisheni na Loliondo. Mwaka 2011 Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila wa kijiji cha Samunge alisema ameoteshwa na Mungu dawa ya mti wa mugariga, kikombe kimoja kwa shilingi 500, kwa ukimwi, kisukari na mengineyo. Magari yalipanga foleni ya kilometa nyingi, watu wakaja hata kutoka nje ya Tanzania, na wapo waliofia njiani. Mimi simwiti tapeli. Shilingi 500 si bei ya tapeli. Swali langu ni dogo tu: katika maelfu yale, wangapi walipimwa sukari kabla ya kunywa, na wangapi walipimwa miezi sita baadaye? Babu alifariki mwaka 2021, na hadi leo nikikaa na watu nasikia "fulani alipona". Huyo fulani sijapata kutajiwa jina lake.

Na chupa ya kijani ina nini ndani? Singapore, katika miezi mitano ya mwanzo ya 2008, watu 150 wasio na kisukari waliingia hospitali sukari yao ikiwa imeporomoka, na 4 kati yao walifariki. Walikuwa wamemeza dawa za kuongeza nguvu za kiume, nyingine zikiuzwa kama za mitishamba, kumbe zimetiwa glibenklamidi, dawa ya hospitali inayolishurutisha kongosho kumwaga insulini. Kwa hiyo mtu akiniambia "nimekunywa wiki moja tu na sukari imeshuka", mimi sifurahi. Naogopa.

Lakini nisiwaonee wauza chupa peke yao, kwani kuna jambo linalonikera zaidi. Katika uchunguzi ule wa miaka ishirini niliousifu, watu weusi walikuwa takriban asilimia 8. Katika majaribio ya empaglifozini yaliyotangazwa mwaka 2015, yaliyoonyesha kwamba kidonge hicho kinapunguza vifo vya moyo, wagonjwa walikuwa zaidi ya 7,000 na weusi walikuwa takriban asilimia 5. Vipimo na dozi vinapangwa kwa miili ya watu wengine, kisha vinaletwa kwetu.

Hasara yake si ya kufikirika. Kile kipimo tunachokiita "cha miezi mitatu" hutazama sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu za damu. Mwaka 2017 watafiti walionyesha kwamba kuna jeni, inayohusiana na kinga dhidi ya malaria, inayozifanya chembe hizo ziishi muda mfupi, basi sukari haiwahi kunata vya kutosha na kipimo kinasoma chini kuliko ukweli. Kwa wanaume walio nayo kinashuka kwa takriban pointi 0.8, tofauti inayotosha kabisa kumwambia mgonjwa kwamba ni mzima. Inabebwa na takriban asilimia 11 ya Wamarekani Weusi, na kwa Wazungu ni nadra mno. Sisi tuliotoka Pwani na Maziwa Makuu, kwenye mbu wa kila namna, tunajidhani tuko upande gani?

Najua jibu litakalonijia: Tuskegee. Ni kweli, kuanzia 1932 hadi 1972 serikali ya Marekani iliwaacha wanaume weusi na kaswende yao ili iwatazame, na mwenye kuogopa baada ya hapo hana kosa. Ila sheria za leo za ridhaa ya mgonjwa zilizaliwa kwa sehemu kubwa na fedheha ile. Ikija barua ya hospitali inayokualika kwenye utafiti, isome kabla ya kuitupa. Uliza nani analipa, uliza madhara, uliza kama unaweza kujitoa siku yoyote. Wasipokujibu vizuri, hapo itupe. Na ukiambiwa kipimo chako ni kizuri huku unaamka usiku mara nne kwenda msalani, mwombe daktari akupime sukari ya asubuhi kabla ya kula.

Mwenye hasira ya ziada aipeleke kwenye bei. Banting, Best na Collip waliuza hataza ya insulini kwa Chuo Kikuu cha Toronto mwaka 1923 kwa dola 1 kila mmoja, ili asije mtu akaihodhi. Miongo saba baadaye, 1996, chupa moja ya Humalog ya Eli Lilly ilitoka Marekani kwa dola 21. Kufikia 2017 ilikuwa takriban dola 275, dawa ile ile, na kampuni haikutangaza kuikata bei mpaka 2023 baada ya makelele ya miaka. Dhuluma hiyo imefanyika mchana kweupe. Haikuhitaji kufichwa.

Ama wewe ndugu yangu wa chupa ya kijani, sina ugomvi nawe. Niletee watu ishirini tu, sukari yao kabla na sukari yao baada ya miezi sita, imepimwa na mtu asiyelipwa nawe. Nitanunua ya kwanza, na bei sitaipunguza.