Uhandisi wa Petroli au wa Kemikali?

Mama mmoja ameuliza: bintiye asomee uhandisi wa petroli au wa kemikali?

Wa petroli hufundisha kuchimba visima na kuyatoa mafuta chini ya miamba. Wa kemikali hufundisha kuigeuza malighafi iwe bidhaa: petroli yenyewe, sabuni, dawa, mbolea, hata maji safi.

Mafuta ya Turkana yaligunduliwa mwaka 2012. Mwaka uliofuata mtambo wetu wa Changamwe ukaacha kusafisha mafuta ghafi. Mwaka 2014 bei ikaporomoka duniani. Mtambo ukifungwa, mhandisi wa kemikali hubisha hodi kiwanda kingine. Wa petroli hungoja kisima.

Kwa hiyo, dada yangu, naegemea kemikali, kwani hata kwenye mafuta ataweza kuingia. Ila akiipenda miamba kwa dhati, msimlazimishe: moyo usiotaka hausomi.