Madhabahu Haijengwi Dhidi ya Ndugu

Mkatoliki wa Kasongo, katika Maniema ya Kongo, husema altare, Mprotestanti husema madhabahu, na jirani yao Mwislamu huenda ndiye anayelielewa upesi zaidi neno hilo la pili, kwa kuwa limetoka katika shina moja la Kiarabu na dhabihu: ni pahali pa kuchinjia. Anayechinja hutoa kilicho chake. Siku ya Idi ya kuchinja nyama hugawanywa, na maskini ana fungu lake. Altare nayo ni meza. Mkate unaowekwa juu yake hurudi kwa waumini na kuliwa pamoja. Kwa hiyo hunisikitisha kusikia madhabahu ikihubiriwa kama silaha. Kuna mafundisho, yameenea Afrika ya Mashariki yote na Kongo, kwamba nyuma ya ugonjwa au biashara iliyoanguka kuna madhabahu ya giza iliyojengwa na mtu wa ukoo, na kwamba dawa yake ni kujenga nyumbani madhabahu yenye nguvu zaidi ili kuivunja ile. Watu wa Kabambare, katika Maniema hiyohiyo, wamekimbia vita mara nyingi. Mtu aliyeacha shamba na nyumba anataka kujua nani amemtenda hivyo, na simlaumu. Lakini jibu analopewa humkuta shangazi yake, au babu yake aliyezeeka.

Wahubiri hao watanijibu kwa habari ya Gideoni, aliyebomoa madhabahu ya Baali iliyokuwa ya baba yake. Na wasome mpaka mwisho. Watu wa mji walipotaka kumuua Gideoni, aliyesimama kumtetea ni Yoashi, baba huyohuyo. Kilichoanguka ni sanamu, ukoo ulibaki. Katika sura ya 5 ya Injili ya Matayo, Yesu anakwenda mbali zaidi: anayeleta sadaka, akikumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache hapo hapo, akapatane kwanza. Tuangalie vizuri ni nani anayedai. Si mwenye sadaka. Ni yule ndugu. Mbele ya madhabahu mtu haulizwi nani amemroga, anaulizwa amemkosea nani.

Misale ya majimbo ya Zaire, yaani Kongo ya leo, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, imeliweka jambo hilo katika mpangilio wa misa. Katika desturi ya Kirumi watu hutubu mwanzoni, na amani hutolewa karibu na komunyo. Katika misale yetu toba huja baada ya Neno, kisha watu hupeana amani, na baada ya hapo ndipo matoleo hupelekwa altareni. Wengine watasema kupeana mkono si kupatana, na kweli wapo wanaoshikana mikono huku kesi ya mpaka wa shamba iko palepale. Hata hivyo mpangilio huo humkumbusha mtu kila Jumapili, akiwa na sadaka mkononi, deni analodaiwa nyumbani.

Pingamizi la Waprotestanti ni zito zaidi: Kristo alijitoa mara moja tu, ndivyo Waraka kwa Waebrania unavyofundisha, basi madhabahu ya nini tena? Wakilishika fundisho hilo kikamilifu, linazifunga pia zile madhabahu za kupigana na ndugu, maana hakuna sadaka iliyobaki ya kuongeza. Hata hivyo, pembe ya chumba yenye Biblia na mshumaa haina ubaya wowote. Ni pahali pa kutulia na kuomba.

Tena Kanisa Katoliki lina desturi ya kale ya kuweka masalia ya wafiadini chini ya altare. Jirani na Kabambare, ng'ambo ya mpaka wa Maniema, iko Fizi. Tarehe 28 Novemba 1964 waliuawa huko Padri Giovanni Didoné na Abe Albert Joubert, na siku hiyohiyo wamisionari Vittorio Faccin na Luigi Carrara waliuawa Baraka. Walitangazwa wenye heri huko Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Damu inayoheshimiwa chini ya altare ni ya watu kama hao, waliouawa bila kuua.