Acheni Kuhesabu Gia

Kila nikiwaonyesha wasee wangu video za magari ya Bonneville, swali la kwanza huwa lile lile: "Hiyo gari ina gia ngapi?" Nikijibu kwamba ni tatu, tena otomatiki, narudishiwa simu yangu hata video haijaisha. Eti gari la kupita kilomita 300 kwa saa haliwezi kuwa na gia tatu. Hapa mtaani tulishakubaliana, sijui katika mkutano gani, kwamba gia nyingi ni mwendo mwingi, na kwamba gia za mkono ni za madereva wa kweli ilhali otomatiki ni ya watu wa kwenda supamaketi.

Huo ni upuzi, na Bonneville ndiko unakoumbuka.

Kwa asiyepajua, Bonneville ni uwanda wa chumvi ulioko Utah, Marekani, mweupe na bapa. Tangu 1949 wapenda mwendo hukutana pale mwezi wa Agosti, chumvi ikikubali. Mwaka 2014 na 2015 haikukubali, kila mtu akakaa na gari lake nyumbani. Hakuna kona, hakuna wa kupitana naye, na hakuna pesa ya mshindi. Ukivunja rekodi, jina lako linaandikwa. Ukivunja iliyo juu ya maili 200 kwa saa, yaani kilomita 322, unapewa kofia nyekundu. Kofia tu, na kuna watu wametumia miaka mingi ya maisha yao kuitafuta.

Sasa tuongee hesabu kidogo, msikimbie. Chukua injini inayotoa nguvu zake zote kwenye mizunguko 7,000 kwa dakika. Ukiwa na giaboksi ya Powerglide, ile ya Chevrolet ya gia mbili, gia ya kwanza ina uwiano wa 1.82 na ya pili ni moja kwa moja. Ukibadilisha ukiwa kwenye 7,000, injini inaanguka hadi karibu 3,850. Ukiwa na Turbo 400 yenye gia tatu, kutoka ya pili kwenda ya mwisho unaanguka hadi kama 4,730. Ukiwa na giaboksi ya resi ambayo gia mbili za mwisho zimesogezwa karibu, tuseme 1.25, unaangukia 5,600.

Mwanguko huo ndio kila kitu. Upepo wa mbele hauna huruma: ukitaka kuongeza mwendo maradufu, nguvu ya kupambana nao inahitajika mara nane. Gari lililo kwenye 250 linasukuma ukuta. Ukibadilisha gia hapo na injini ikaanguka mahali ambapo haina pumzi, haipandi tena. Kila mtu aliyewahi kukaa ndani ya matatu iliyojaa ikipanda Kinungi analijua jambo hili: dereva akiwahi kupandisha gia, injini inakohoa na anarudi chini kwa aibu. Kwenye chumvi, ukirudi chini umeshapoteza maili nzima, na barabara yenyewe ni maili tano.

Kwa hiyo hata ukinipa gia sita, nitakuuliza pengo la mwisho ni kubwa kiasi gani. Magari mengi ya dukani yenye gia sita hufikia mwendo wao wa juu kwenye ya tano au ya nne, kwa sababu ya sita iliwekwa kupunguza mafuta na kelele kwenye barabara kuu. Kubeba gia kama hiyo hadi Utah ni kubeba uzito na joto bure. Na kama mnataka kuhesabu kweli, hesabuni Bluebird ya Donald Campbell. Julai 1964, kwenye Lake Eyre kule Australia, ilienda kilomita 648 kwa saa ikiendeshwa na magurudumu yake, na haikuwa na gia ya kubadilisha hata moja. Tabini yake ilivuta tangu mwanzo. Injini ya pistoni haiwezi hivyo, ndiyo maana tunahangaika na giaboksi.

Nasikia mashabiki wa gia za mkono wakisema otomatiki hula nguvu. Ni kweli, na hoja hii naiheshimu. Ile konveta inayokaa mahali pa klachi hupitisha nguvu kwa mafuta, na mafuta huteleza. Ikiteleza asilimia 5 kwenye gia ya mwisho, kilomita 320 zako zimekuwa 304, na zilizobaki zimekuwa joto. Lakini konveta inaweza kujifunga ikageuka chuma kwa chuma. Halafu fikiria chumvi yenyewe, ambayo haishiki tairi kama lami. Mguu ukiachia klachi kwa ghafla, magurudumu ya nyuma yanaanza kucheza wakati uko 200 na kitu. Otomatiki inabadilisha bila kukata nguvu na bila kishindo. Ndiyo maana kwa mtu mwenye injini kubwa inayovuta vizuri kutoka chini, mimi nasema achukue otomatiki ya gia tatu na aache kiburi. Mwenye injini ndogo inayopiga kelele juu tu, huyo atafute ya mkono yenye gia nne au tano zilizobanana. Atakayechagua kwa sababu ya sifa, shauri yake.

Tena achague kwa nguvu alizonazo kule, asitumie za kwenye karatasi. Bonneville iko karibu mita 1,300 juu ya bahari. Sisi wa Nairobi, tulio juu zaidi, tunajua gari linavyopata pumzi likishuka Mombasa. Injini iliyopimwa pwani itafika Utah ikiwa imepungua. Ukiweka gia ndefu kwa nguvu za pwani, gari halifiki 7,000 kamwe. Wajanja hufunga difu ambayo uwiano wake unabadilishwa kwa dakika chache, pale pale kwenye chumvi.

Kisha kuna wale wanaocheka wakiona gari likisukumwa na pikapu kuanza safari. Wacheke. Gia ya kwanza ikiwa ndefu vile, kuondoka peke yako ni kuunguza klachi ya bei. Pikapu inakufikisha mahali injini inaweza kujibeba, inabaki nyuma, unaendelea.

Kitu ambacho hakipaswi kuchekwa ni kuvunjika. Giaboksi iko kando ya miguu ya dereva. Ikikwama, magurudumu yanakwama nayo na gari linaanza kuzunguka. Wakaguzi hutaka klachi ifungiwe ndani ya ganda la chuma kwa sababu vipande vyake vinapaa. Na rekodi haipatikani kwa mbio moja: ukiipita leo, gari linafungiwa uani na unarudia kesho asubuhi, halafu inachukuliwa wastani. Alfajiri hiyo, chumvi ikiwa bado baridi, gia ile ile lazima iingie tena.