Singe ya Majaribio na Jina la Aliyeibeba



Wapo watu, hasa Ulaya na Marekani, wanaotumia miaka mingi na fedha nyingi kutafuta singe ambazo hazikwenda vitani kamwe. Singe ni kile kisu kinachofungwa mdomoni mwa bunduki. Wengi wetu hapa Bukavu twakiita bayoneti, kama Wafaransa. Kabla jeshi halijawapa askari wake singe mpya, mafundi hutengeneza mifano michache, wakubwa huijaribu, mmoja huchaguliwa na mingine huwekwa kando. Hiyo iliyokataliwa ndiyo inayotafutwa. Kwa kuwa ilikuwa haba tangu mwanzo, ule uliosalia huuzwa kwa bei ambayo singe ya kawaida haiwezi kuifikia.

Baadhi yenu mmetuuliza kama jambo hili ni dhambi, ni wazimu wa matajiri, au ni elimu. Swali si la mbali kama linavyoonekana. Vijana wetu nao hutazama picha za silaha katika simu zao, hujua majina ya bunduki kuliko majina ya babu zao, na wapo wanaookota maganda ya risasi na kuyapanga dirishani.

Sisi hatupendi kumhukumu mkusanyaji kwa haraka. Tazameni kwanza kazi yake. Katika miaka ya 1860 na 1870 jeshi la Marekani lilijaribu singe yenye umbo la mwiko wa mwashi, iliyobuniwa na ofisa Edmund Rice, ili askari achimbe handaki kwa kitu kilekile anachochomea. Kwanza ilitengenezwa michache ya majaribio. Kisha ukaja muundo wa mwaka 1873, zikatengenezwa zipatazo 10,000. Baadaye desturi hiyo ikafa. Karibu na wakati huohuo Waingereza walijaribu singe ya Lord Elcho, pana kama jani, yenye meno ya msumeno mgongoni. Nayo haikupata kuwa singe ya jeshi zima. Anayekusanya vitu hivi hana budi kusoma alama ndogo zilizogongwa kwenye chuma, kupima pete inayoingia mdomoni mwa bunduki, na kufuatilia karatasi za karakana. Waghushi ni wengi: mtu huchukua singe ya kawaida, hukata hapa, hugonga namba pale, akaiuza kama mfano wa majaribio. Basi mkusanyaji hujifunza kutoyaamini maneno ya muuzaji mpaka chuma na karatasi vishuhudie. Laiti nasi tungekuwa na tabia hiyo kwa habari zinazozagaa mjini humu!

Lakini limo jambo jingine ndani ya singe hizi, nalo ndilo lililotusukuma kuandika. Mfano wa majaribio ni ushahidi kwamba silaha haikushuka kutoka mawinguni. Watu waliketi mezani wakaulizana: iwe na urefu gani? Itaingia kwa urahisi? Itatoka bila kukwama? Itagharimu kiasi gani? Waingereza walipokuwa wakitafuta bunduki mpya kabla ya vita kuu ya pili, mwishowe walichagua singe isiyo hata kisu: msumari wa chuma wa sentimita 20 hivi, rahisi na nafuu kutengeneza. Waliokata shauri hilo walikuwa watu wenye elimu na familia, nao waliweka katika hesabu zao gharama ya kuuchoma mwili wa mtu. Hapa kwetu tumezoea kusema kwamba vita vimekuja, kama tusemavyo mvua imekuja. Mvua hakuna aliyeijaribu kwanza juu ya gunia la majani.

Na zile zilizokubaliwa zilitufikia. Force Publique, jeshi lililoundwa na Leopold II mwaka 1886, lilikuwa bado na bunduki za Albini za kupiga risasi mojamoja vita kuu ya kwanza ilipoanza. Askari wake ndio walioingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, na nyuma yao wapagazi maelfu kwa maelfu ambao hawakuwa na singe wala bunduki, bali mzigo kichwani. Baadaye ikaja Mauser ya mwaka 1889, ambayo kiwanda cha Herstal, karibu na Liège, kilianzishwa ili kuitengeneza. Mwaka 1941 jeshi hilohilo lilivuka Sudani hadi Ethiopia, na tarehe 3 Julai Waitaliano wa Jenerali Gazzera wakajisalimisha huko Saïo. Wangapi kati yenu hupita kando ya Kambi Saïo kila siku bila kujua kwamba jina hilo ni la mji wa Ethiopia? Mkusanyaji wa Liège atawaambia singe fulani ilitoka karakana ipi. Ilikaa kiunoni mwa nani, hilo hatawaambia. Ndivyo ilivyo hata kwa visu vya wahunzi wetu wenyewe vilivyopelekwa Tervuren, karibu na Brussels, katika jumba lililotokana na maonyesho ya mwaka 1897: jina la Mbelgiji aliyekileta kisu ni rahisi kulipata kuliko jina la mhunzi aliyekifua.

Kwa hiyo shauri letu: chuma chenyewe tusikitamani. Huko kwao singe ni kitu cha kabatini. Hapa, kijana akikutwa nayo kwenye kizuizi usiku, hakuna atakayemuuliza mwaka ilipotengenezwa. Tena zilizo kwetu si za kale. Ile ya AKM, yenye tundu ubapani linaloungana na ala yake ili kukata waya, ilianza mnamo mwaka 1959, na ingali kazini.

Wapo watakaosema: basi vyote viyeyushwe, viwe majembe, kama alivyotabiri nabii Isaya. Hatupingi, ila viandikwe kwanza. Msumbiji, tangu mwaka 1995, Baraza la Makristo pamoja na Askofu Mwanglikana Dinis Sengulane walipokea silaha kutoka kwa watu wakawapa majembe, baiskeli na vyerehani. Silaha zilikatwakatwa, na vipande vingine wakapewa wasanii. Mmoja wao, Kester, mwaka 2001 alitengeneza kiti cha enzi kwa vipande hivyo, nacho leo kipo British Museum huko London. Tunakipenda kiti hicho kwa sababu hakifichi: mitutu bado inaonekana ni mitutu. Hapa Kongo, Freddy Tsimba wa Kinshasa huunga maganda ya risasi kuwa miili ya watu, na hakuna anayeitazama akasahau yametoka wapi.

Si lazima tuwe wasanii. Tungependa kila kikundi cha vijana kiige daftari la mkusanyaji na kuliacha kabati lake. Yeye huandika urefu, alama na karakana. Ninyi andikeni jina la mtu, kijiji alikochukuliwa, njia aliyopitishwa, alichobeba, na nani alimngoja nyumbani. Nanyi fanyeni uangalifu uleule: msikubali neno la mmoja mpaka mmesikia la pili. Askari wa Saïo wamekwisha kufariki, lakini watoto wao wapo Kadutu na Bagira, na huenda ndani ya sanduku mna medali au kadi ya kuachishwa jeshi. Na walio na miaka zaidi ya 65 leo walikuwa watoto Jean Schramme na mamluki wake walipoishika Bukavu, tangu Agosti hadi mwanzo wa Novemba 1967. Anzeni na hao. Jumapili baada ya misa, mketi na yule mama mzee wa benchi la mwisho, mumwamkie kwa heshima, mumuulize miezi ile familia yake ililala wapi.