Nauli ya Tunguu na Pensheni ya Bibi

Mwanafunzi wangu mmoja, mwenyeji wa Kidichi, aliniambia hivi karibuni kwamba nauli yake ya kwenda chuoni Tunguu hulipwa na bibi yake. Bibi huyo amepindukia miaka 70 na kila mwezi hupokea Pensheni Jamii: shilingi 50,000, kutoka 20,000 zilizokuwa zikitolewa mpango ulipoanza mwaka 2016. Nilitabasamu, kisha nikaona haya. Fedha iliyokusudiwa kumstiri mzee inamegwa ili kijana asome.

Simlaumu yeyote, kwa bibi hiyo ni fahari. Ninachouliza ni kwa nini mzigo umeruka kizazi kizima. Baba wa kijana yupo, ana miaka hamsini na ushei, na anaujua mkarafuu kuliko wataalamu wengi niliowahi kukaa nao vikaoni.

Serikali ya Mapinduzi ilitangaza elimu bila malipo tarehe 23 Septemba 1964, na heshima ya tangazo lile haijafutika. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu humshika mkono kijana aliyefika chuo kikuu. ZSSF, iliyoanzishwa mwaka 1998, humlinda mwajiriwa. Pensheni Jamii humpokea mzee hata kama hakuajiriwa siku moja, jambo ambalo nchi nyingi za Afrika hazijalithubutu. Lakini yule aliyeacha skuli mapema akashika jembe, ambaye uzee wake ungali mbali, anaangukia wapi? Kituo cha Elimu Mbadala kipo, ila kipo Rahaleo, mjini.

Nendeni Kidichi mkashuhudie. Mgeni akishatoka kwenye hamamu aliyoijenga Seyyid Said kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, hupelekwa kwenye mashamba ya viungo. Huko kijana hodari humkatia gome la mdalasini, humpasulia kungumanga, humweleza habari za iliki kwa Kiingereza au Kiitaliano. Elimu ile ameipata kwa wazee wa shamba. Mwenye lugha hupewa bakshishi. Aliyemfundisha hubaki chini ya mti akichambua makonyo.

Jirani tu, Kizimbani, ambako mikarafuu ya mwanzo ilioteshwa katika karne ya 19, tuna chuo cha kilimo. Bara, VETA humpima fundi aliyejifunzia kazini na kumpa cheti. Kizimbani ingeweza kumpima mkulima vivyo hivyo, kisha ikamlipa kwa kila kipindi cha vitendo atakachofundisha. Naye jioni akasome hesabu na uandishi katika madarasa ya skuli ya jirani, ambayo baada ya alasiri hubaki na popo. Gharama zitakuwepo, lakini majengo yapo na mwalimu yupo.

Najua wenzangu wa vyuoni watasema kwamba kumsimamisha asiye na shahada mbele ya wanafunzi ni kushusha kiwango. Mimi nina shahada ya uzamivu na siwezi kupanda mkarafuu.

Nilimuuliza yule kijana kama baba yake angekubali kufundisha. Akacheka kidogo.

"Angekubali, Dokta. Lakini nani atamwita?"