Mgeni na Mkalimani Wake



Majuma mawili yaliyopita alinijia mama mmoja, mhazini wa chama cha akiba cha kijiji jirani, amekumbatia kompyuta yake kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akajibu, "Marahaba, mwanangu. Lakini leo nimekwisha, Karani. Hesabu za watu hazifunguki."

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Kompyuta ile ilikuwa na Windows 10, mfumo uliotoka mwaka 2015. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuupa mfumo huo matengenezo yake ya kawaida ya bure, na Windows 11 haizikubali kompyuta nyingi za zamani. Basi fundi mmoja wa mjini akaufuta mfumo ule, akaweka Linux, ambayo hailipiwi. Shauri lake si baya. Ila hakumwuliza mama huyu anafanyia kazi gani mashine yake. Programu ya hesabu za chama ilitengenezwa kwa ajili ya Windows tu. Faili za hesabu zilikuwa salama katika flashi, na programu yenyewe pia, lakini kila akiibonyeza, kimya. Siku ya kugawana akiba ilikuwa imebaki siku nane, na wanachama wengine walikwisha kuanza kunong'ona kwamba mhazini amekula fedha.

Kwanza tujue kwa nini programu inakataa. Programu haifanyi kazi peke yake. Ikitaka kufungua faili, au kuonyesha maandishi kwenye kioo, au kupeleka karatasi kwenye mashine ya kupiga chapa, yabidi iombe kwa mfumo endeshi, ambao ndio msimamizi wa nyumba. Programu ya Windows huomba kwa maneno ya Windows, na Linux ina maneno yake. Ni kama mgeni ajuaye Kihaya tu, aliyefika nyumbani kwa Wagogo wasiojua lugha nyingine. Maji yamo mtungini, lakini hajui kuyaomba.

Dawa ya kwanza ni kumtafutia mgeni mkalimani. Mkalimani huyo yupo, na jina lake ni Wine. Najua wengine mtacheka, kwa kuwa neno hilo kwa Kiingereza ni divai. Lakini ni herufi za mwanzo za maneno yanayosema kwamba Wine si programu ya kuigiza mashine. Na ndivyo ilivyo. Wine haiigi kompyuta nyingine. Husikiliza ombi la programu kwa maneno ya Windows, ikalitimiza kwa njia za Linux. Kwa hiyo huhitaji kununua Windows. Kazi hiyo ilianza mwaka 1993, na tangu mwaka 1994 imeongozwa na Alexandre Julliard. Toleo la 1.0 lilitoka mwaka 2008, yaani baada ya miaka 15 ya subira. Wine hutolewa bure. Hata kampuni ya Valve, wauzaji wa michezo ya kompyuta, mwaka 2018 ilitoa Proton, iliyojengwa juu ya Wine, ili michezo ya Windows ichezwe kwenye Linux.

Dawa ya pili ni kumjengea mgeni nyumba yake ndani ya ua wako. Kwa programu kama VirtualBox, waweza kuweka Windows nzima ndani ya Linux, kompyuta ndani ya kompyuta. Njia hii hufaa pale mkalimani anaposhindwa, lakini hula nafasi na nguvu nyingi, tena yataka leseni ya Windows.

Dawa ya tatu ni kwa shida nyingine, pale ambapo hata chipu, moyo wa kompyuta, ni ya namna nyingine. Hapo amri zenyewe za chipu lazima zifasiriwe. Kampuni ya Apple ilifanya hivyo mwaka 2006 ilipohama kutoka chipu za PowerPC kwenda za Intel, na tena mwaka 2020 ilipoanza kutumia chipu zake yenyewe. Mara zote mbili mfasiri aliitwa Rosetta.

Turudi kwa mama yetu. Tuliweka Wine, tukaiendesha programu ile. Ikafunguka, lakini maandishi yalikaa ovyo, kwa sababu aina za herufi ilizozoea hazikuwamo. Tukaziongeza, yakanyoka. Hata hivyo sikukubali tushangilie. Nilimwomba alete daftari la karatasi, maana kwa bahati njema hakuwa ameliacha. Tukalinganisha ukurasa kwa ukurasa mpaka jua likatua. Hesabu zikalingana hadi shilingi ya mwisho. Mama akakaa kimya kitambo, kisha akasema, "Sasa nitapita njiani bila kuinamisha kichwa."

Basi, ninyi mlio na kompyuta za chama, za duka au za shule, shikeni maneno haya. Kabla fundi hajafuta kitu, mwambieni programu mnazozitegemea, tena mhifadhi nakala mahali pawili. Si kila programu hukubali Wine. Wenye kazi hiyo wameweka kwenye intaneti orodha ya programu zilizojaribiwa, kila moja na daraja lake, kuanzia platinamu, dhahabu, fedha na shaba, hadi takataka. Itazameni kwanza. Tena msidhani Wine ni ngome. Virusi vya Windows vyaweza kupita kwa mkalimani huyo huyo vikaharibu faili zenu. Na daftari la karatasi msilitupe. Lisingekuwapo, tungeona tarakimu kwenye kioo tu, bila kujua kama ni za kweli.

Akiba iligawanywa Jumamosi iliyopita, na kila mtu alipata chake. Walionong'ona walikuja kumwomba mama radhi, wawili kati yao. Wengine bado twawangoja.

Kwa herini mpaka juma lijalo.